Stika Iko Kwenye Kioo, Binti Bado Hajaomba Chuo

Shangazi Verna mpendwa,

Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke, maana mume wangu Milo ameshanicheka kwa niaba ya nyumba nzima. Nina binti mmoja, Tess, yuko darasa la kumi na moja, na wiki hii shule imewataka wachague masomo ya mwaka wa mwisho, karatasi irudi Jumatatu na sahihi ya mzazi, na hapo ndipo nyumba yetu ilipowaka moto, kwa sababu mimi nataka Novemba aombe mapema kile chuo cha mashariki mwa nchi nilichokitamani tangu nikiwa msichana, kule kuomba kwa kujifunga, chuo kimoja tu, wakikuchukua umekwenda, hakuna kugeuka nyuma, na kila mtu hapa mjini anasema anayeomba mapema mlango kwake ni mpana, wanaosubiri Januari na umati wote wanagombea makombo. Basi kwa kuwa anayeomba mapema chuo hakioni alama zake za mwaka wa mwisho, kinaona majina ya masomo tu, nikakaa na kalamu nikamjazia hesabu za kalkulasi, fizikia ya ngazi ya chuo, kemia ya ngazi ya chuo, na historia ngumu kuliko zote, na nafasi ilipokosekana nikafuta somo la bendi ya shule.

Shangazi, Tess anapiga tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta, tangu darasa la tano. Nilijua atanuna. Sikujua atalia.

Vuli iliyopita aliugua homa ya tezi, akalala kitandani karibu muhula mzima, alama zikaporomoka, kemia akaponea chupuchupu, sasa amepona na anasoma kama mtu anayedaiwa, na ananiambia, "Mama, nikiomba mapema wataniona nikiwa mgonjwa. Ngoja waone nilivyoinuka." Mimi namjibu, "Mwanangu, wanaongoja hukosa." Nasema hivyo kwa sababu mimi nilingoja, enzi zangu, niliomba chuo kilekile kwa kawaida, Aprili ikaja bahasha nyembamba, na bahasha nyembamba kila mtu anajua ina nini, maana waliokubaliwa huletewa nene.

Sasa ngoja nikwambie la aibu. Mwezi uliopita niliagiza stika ya kile chuo nikaibandika kwenye kioo cha nyuma cha gari, kama wazazi wote wa hapa wanavyofanya, ila wao husubiri mtoto akubaliwe kwanza. Ijumaa tukaenda parokiani kula samaki wa Kwaresima, na Duane Kubicek aliyekuwa anakaanga akapaza sauti, "Haya, Tess! Nimeona gari la mama yako. Kumbe unatukimbia, unakwenda mashariki?" Kabla mtoto hajafungua mdomo mimi nikadakia, "Ndiyo hivyo, Duane, anatuacha!" Watu wakapiga makofi, bibi mmoja akamkumbatia. Tess akaweka sahani chini akatoka. Nilimkuta nje amesimama nyuma ya gari anaitazama ile stika, akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Mama, wewe ndiye uliyekataliwa. Siyo mimi."

Tangu siku hiyo anakwenda shule kwa baiskeli, na theluji bado iko kando ya barabara, anasema lile gari hapandi. Mimi namtakia mema, Shangazi, Mungu ni shahidi. Nishike msimamo kwa faida yake, au nimwachie aamue akiwa na miaka kumi na saba, halafu aje anilaumu?

Darlene, mama yake Tess

Darlene, dada yangu,

Sijakucheka. Sawa, nilicheka kidogo pale kwenye stika, nikaacha nilipofika kwenye baiskeli.

Mlango wa mapema ni mpana, sikatai. Lakini umeuliza wanapita akina nani? Wamo wachezaji walioitwa na makocha, wamo watoto ambao baba na babu zao walisoma hapohapo. Watoe hao, uuangalie tena huo upana. Kuomba kwa kujifunga kunamfaa mtoto ambaye alama zake zimeshasimama na moyo wake umeshakata shauri. Alama za Tess ndiyo kwanza zinapanda, na moyo wake hujauuliza. Uliuliza wa Duane Kubicek na parokia nzima!

Halafu, mama, ile ahadi ya kujifunga inatiwa sahihi na watu watatu: mtoto, mzazi na mshauri wa shule. Mtoto hakutajwa hapo kama pambo.

Masomo nayo umeyapanga kama mtu anayepanga vyombo sebuleni ili wageni waone. Tess akiomba kwa kawaida, alama za nusu ya kwanza ya mwaka wa mwisho zitatumwa, na hizo ndizo zitakazosema aliugua na akapona. Kwa hiyo achukue anayoweza kuyafanya vizuri. Kemia ibaki, maana huko ndiko alikokaribia kuanguka na huko ndiko anakotaka waone amesimama. Kalkulasi ibaki. Kuhusu fizikia muulize yeye. Ile historia ya kuua mtu itoke, bendi irudi, na irudi leo. Mtoto aliyeshikilia tromboni miaka yote hii, hata baada ya kulala kitandani muhula mzima, ana kitu cha kuwaandikia wenye vyuo. Wewe umekifuta kwa kalamu.

Sikwambii mapema ni haramu. Ikifika Oktoba akaja mwenyewe akasema, "Mama, ni hiki, sitaki kingine," tieni sahihi wote, na hayo masomo hayatamharibia. Asiposema, aombe kwa kawaida, na vuli atume pia kwenye chuo kimoja kinachopokea mapema bila kumfunga mtu, ili apate pa kushika wakati anangoja.

Sasa ile bahasha yako. Pole, Darlene. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu nikisoma barua yako naona hakuna aliyekupa wakati ule. Ulikuwa msichana, ulitaka kitu kwa moyo wote, ukaambiwa hapana, kesho yake ukaamka ukaendelea na maisha. Iliuma, na bado inauma, na huna haja ya kuona haya. Lakini bandeji unamfunga mtoto ambaye hajaumia. Akikataliwa siku moja atalia, nawe utakuwepo, na hakuna mtu katika mji wenu atakayejua kumbembeleza kuliko wewe. Akikubaliwa mahali alipopachagua mama yake, atamlilia nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi hii chukua mashine ya kukaushia nywele, ipashe ile stika mpaka gundi ilegee, uibandue kuanzia pembeni. Ufanye mwenyewe, usimtume Milo. Usimwite Tess aje aone, ataona mwenyewe. Jumapili mpe karatasi mpya ya masomo na kalamu, wewe uondoke mezani. Jumatatu utie sahihi.

Na Ijumaa nendeni tena mkale samaki, wote watatu, maana ukijificha umbea utakua. Duane akikuuliza Tess anakwenda chuo gani, mwambie, "Mwulize mwenyewe, huyo hapo kwenye foleni." Kisha tia samaki mdomoni, utafune, na wewe pia umsikilize atajibu nini.