Mboga ya Mkebe na Mti wa Mama Mkwe

Mshauri wetu, nishike mkono kabla ya Jumapili, maana hata chai yenye sukari tele hainitulizi. Mimi na mume wangu Masese tunalima majani chai hapa Birongo, na tangu nisikie kwamba mafuta yanaleta sukari nilipiga marufuku avokado mezani, kwa sababu avokado ni mafuta matupu, na mama mkwe alipozidi kutuletea kikapu nikawa nazitupa shimoni, akaona, akanuna, tukanuniana, hadi nikamwambia Masese akate ule mti wa avokado ambao mama yake alipanda mwaka aliomzaa, naye akakubali ili nyumba itulie, mwenye msumeno wa mota anakuja Jumapili. Sasa Sabato iliyopita wauguzi walitupima kanisani, na mimi mwembamba hivi, nisiyegusa nyama, nikaambiwa sukari imeanza kupanda, eti mwili umeanza kutoisikia insulini. Mimi! Nesi akauliza napikia nini, nikajibu kwa kujivuna, "Mafuta ya mboga, yale meupe ya mkebe, yanayoganda."

Akashika kichwa. "Woi dada, avokado unatupa, halafu hiyo ndio unakula?"

Nikambishia. Kwani si ni mboga? Miaka yote nimeyajaza kwenye chinsaga, ule mgagani wetu, nikijua ni mboga juu ya mboga! Na nikimzuia mwenye msumeno, mama mkwe si atanicheka mpaka mjini Keroka?

Persis

Persis, pole, lakini nami nimeshika kichwa. Mboga gani inayoganda kwenye sufuria baridi? Insulini ndiyo huifungulia sukari mlango itoke kwenye damu. Mafuta ya kuganda yakizidi, mlango huo huwa mgumu, hata kwa mtu mzima asiyeumwa, na wembamba haukukingi. Ukiweka mafuta laini mahali pake, kama ya avokado, kwa wengi mlango hulegea kidogo. Mahali pake, nimesema, si juu yake! Mafuta yakijaa sahani, hata yale mazuri hayafui dafu. Punguza pia sukari kwenye hiyo chai, na urudi kliniki upimwe tena vizuri.

Kuhusu mama mkwe, unastahili kuchekwa, kwa hivyo vumilia. Mpigie mwenye msumeno sasa hivi, kabla hujakunja gazeti. Kisha chukua kikapu kitupu, nenda kwake, useme, "Mama, naomba avokado." Akicheka, cheka naye. Mti ukishalala chini, hakuna atakayecheka.