Ng'ombe Saba wa Makhanu

S.L.P. 47,
Mautuma,
Kakamega.

14 Septemba 1996

Mpendwa Kaka Makhanu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Gaborone? Muhonja na watoto wazima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo hulalamika kila ninaposimama ubaoni. Mahindi yamekubali mwaka huu. Asante kwa picha. Tevin amerefuka hadi nikadhani ni wewe, ila yeye anatabasamu.

Habari kubwa ni kwamba Khalayi ameitwa chuo kikuu, Egerton, kusomea kilimo. Tangu amalize kidato cha nne mwaka wa tisini na nne amekuwa hapa akingoja zamu yake na kupalilia shamba la Jairus baba yake. Barua ilipofika, Jairus alichinja kuku wawili, kisha akaomba mbele ya chakula hadi obusuma ukapoa. Sijamwona kaka yetu na furaha kama ile tangu siku ulipoitwa wewe.

Lakini mambo si kama enzi zenu. Ninyi mlilala bure, mkala bure, mkapewa na fedha za mkopo za mfukoni, zile mlizoziita bumu. Siku hizi mwanafunzi analipa karo, analipia kitanda, analipia hata sahani ya maharagwe. Asiyejiweza anajaza fomu ya bodi mpya ya mikopo, na bodi inapima hali ya kila nyumba: mwenye nacho hupata kidogo au akakosa, asiye nacho husaidiwa zaidi. Mimi sioni ubaya hapo. Tatizo ni jinsi kaka yako alivyoijaza hiyo fomu.

Aliijaza kama mtu aliyekwenda kuposa. Penye mifugo akaandika ng'ombe tisa, akapeleka posta kabla sijatoka shuleni. Nilipomuuliza, alinishangaa.

"Zipporah, nani anakopeshanga mtu mikono mitupu? Lazima waone tuko na kitu ya kulipa."

Majibu yamekuja. Wameona familia inajiweza, na Khalayi hakupata hata senti. Nilikasirika, kisha hasira ikaniisha, kwa sababu Jairus hakudanganya kwa nia mbaya. Unajua desturi yetu: ng'ombe uliyewekewa na ndugu huitwa wako mbele ya wageni, na mwenyewe hatajwi. Ng'ombe wa Jairus ni wawili. Wale saba ni wako, na kwa miaka kumi na mitano hajawahi kumwambia mtu wa nje kuwa si wake.

Rufaa inaruhusiwa hadi mwisho wa Oktoba. Naibu chifu wetu, Sifuna, amekubali kutuandikia, lakini hawezi kupiga muhuri bila barua ya mwenye ng'ombe, yenye jina lake kamili, namba ya kitambulisho na anwani. Barua hiyo itakwenda kwa bodi pamoja na rufaa.

Najua hapo umeiweka karatasi chini kidogo. Mkopo wako wa chuo haujarudishwa, na bodi hii inawatafuta wanafunzi wa zamani. Tunasikia kwenye redio. Kaka, mimi sikulaumu. Ulipopata kazi, Baba aliugua, ukalipa hospitali. Kisha ukaezeka nyumba ya Mama. Kisha karo ya cheti changu cha ualimu. Hakuna aliyekuja kukudai, na sisi tulikuwa na shida kila mwezi. Ule mkopo tuliula pamoja.

Wale ng'ombe pia wametoka humo. Umesahau? Kwa fedha zako za kwanza za bumu ulinunua ndama mweupe sokoni, ukaja naye likizo kwa miguu, watoto wakamwita Bumu. Bumu alikufa mwaka jana kwa uzee, lakini hao saba wote ni uzao wake. Nimewaza hivi: tuuze watatu, uanze kulipa, na uiombe bodi deni litakalobaki ulipe polepole. Nimesikia wanakubali. Fedha hizo ndizo watakazopewa akina Khalayi.

Nilimgusia Jairus jambo hili. Aliiacha chai yake hadi ikafanya utando.

"Wacha msichana akae," akasema. "Siwezi peana ndugu yangu."

Khalayi alikuwa mlangoni. Alichukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe wako. Iliniuma sana, kaka, ndiyo maana nimeandika bila ruhusa ya mtu.

Humu ndani nimeweka barua niliyokwisha kuiandika kwa niaba yako. Nimeacha wazi nafasi ya namba, anwani na sahihi. Ukiona huwezi, ichome, na Jairus hatajua niliwahi kukuomba. Utabaki kaka yangu vilevile. Lakini ukiweza, itume mapema, kwa maana posta ya huko hadi huku si ya kuaminiwa.

Nisalimie Muhonja na umwambie mbegu za malenge alizotuma zimeota zote. Msalimie Tevin. Mama anakuombea kila Jumapili, kwa sauti, kanisa zima likisikia. Mungu akushike mkono huko ugenini, akupe moyo mwepesi.

Ni mimi dada yako akupendaye bila hesabu,
Zipporah

Nyongeza: Jairus amenikuta nikitafuta gundi ya bahasha. Ameiona anwani yako. Amesema tu nikuambie yule mtamba wako mwekundu amezaa leo asubuhi, ndama jike, mzima. Kwa hiyo usishangae ukiona katika ile barua nimekata "saba" nikaandika "wanane".