Kahawa Waliyoikataa Mkononi Mwangu

Kemilembe, una akili kweli? Unatokwa damu miezi yote hiyo hapo Kashai, halafu unaniuliza kama imani ya yule mama wa Injili, aliyegusa vazi la Yesu, inatosha bila hospitali! Huku Buganguzi sisi wazima, ila migomba imeingiwa na mnyauko.

Hata mimi nilitokwa damu hivyo nilipomzaa mama yako. Wageni wakaja, nikawapelekea kahawa ya kutafuna kama desturi yetu. Shangazi wa babu yako akasema, "Weka chini. Mkono huo hatupokei." Jumapili nikasikia habari za yule mama, nikashika kanzu ya padri. Wanawake wakacheka. Damu haikukoma. Nikamnunia Mungu.

Baadaye nikawaza: yule mama alipita katikati ya watu waliomwona mchafu, hakungoja ruhusa yao. Nikaenda hospitali ya Rubya kwa miguu, nikatibiwa. Wale wa kahawa sijawasamehe.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Mama mkwe akiuliza, mwambie bibi ameamuru. Ukitoka huko, hata kama damu haijakoma, njoo unipe kahawa kwa mkono wako.