Saa Tisa, Waifai Isikatike

Jumatatu, 3 Machi

Waifai imekatika tena. Saa saba mchana, kama kawaida yake. Wanafunzi wa hosteli wakajaa mlangoni kwangu, kila mmoja na simu mkononi, utadhani mtandao naupuliza mimi kwa mdomo. Mama, haishiki! Mama, inazunguka tu! Nikawaambia nendeni mkasome vitabu, havikatiki. Wakacheka. Wakili hakucheka.

Wakili ni jina tulilompa yule binti wa chumba namba sita, anayebishana hata na bomba la maji. Mwezi uliopita alikuwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, kwa video, picha ikaganda katikati ya jibu. Wamemkubalia arudie, mara moja tu. Alhamisi, saa tisa alasiri. Alinieleza polepole, bila kubishana. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Nimempigia mwenye hosteli. Lete fundi, au njoo ukae na hawa watoto wewe mwenyewe!

Jumanne, 4 Machi

Fundi kaja! Nilitegemea mwanamume, kumbe msichana, ngazi begani. Nimempenda papo hapo. Kapita korido zote na simu yake, anapima. Anasema kuta ni nene, ruta moja haitoshi, wa ghorofani wanapata makombo. Kesho ataongeza ya pili. Safi. Ila hilo halielezi kwa nini nyumba nzima inazimika kila mchana. Akataka nifungue kabati la chuma ninamofungia ruta isiibiwe. Funguo nimeziacha nyumbani. Mimi na kichwa changu!

Jumatano, 5 Machi

Sijui niandikeje.

Nimefungua kabati. Fundi akachungulia, akauliza: mama, hiki nini? Nikajibu kwa maringo — kitambaa, nimekifuma mwenyewe, cha kuzuia vumbi. Cheupe, ukingo wa waridi, nimekikunja mara mbili kikaifunika ruta yote. Kama nilivyofunika redio na televisheni maisha yangu yote! Akaniambia nipitishe mkono chini yake. Lo! Moto kama pasi. Anasema ikizidiwa na joto la mchana inajizima, ikipoa inajiwasha. Ruta inataka hewa, mama.

Nikahesabu kwa vidole. Kitambaa nilikimaliza mwezi wa kwanza. Malalamiko yalianza wiki ileile. Usaili wa Wakili ulikuwa mwezi wa pili, mchana.

Ni mimi.

Fundi hakunicheka, namshukuru. Katoa ruta kabatini, kaifunga juu ukutani koridoni, mbali na mikono ya wezi. Na yangu. Ya pili kaiweka ghorofani. Kufika jioni hosteli nzima shangwe, wananiita Mama Waifai, wakanibeba juujuu, nusura wanidondoshe! Nilifurahi, nisidanganye. Kisha Wakili akanikumbatia: asante mama, umeniokoa. Nikamwambia alale mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nzima haijakatika. Saa saba — haijakatika! Nimepiga marufuku filamu mpaka saa kumi. Wote wako uani wanacheza karata, hata wale wabishi, na hakuna aliyenuna.

Saa tisa na dakika kumi. Nimekaa kwenye stuli koridoni, nje ya namba sita, ruta juu ya kichwa changu, daftari gotini. Taa zote kijani. Namsikia Wakili ndani. Anabishana na wakubwa wa watu! Na wao wanacheka. Raha iliyoje kusikia sentensi zake zinafika mwisho.

Sikumwambia kabla ya usaili, nisimvuruge. Hiyo ni kweli. Ni kweli pia kwamba naogopa. Fundi keshaondoka, kitambaa ningekitandika tu mezani kwangu, nani angejua? Angeendelea kunikumbatia.

Saa tisa na nusu. Bado kijani. Kauliza swali, kajibiwa, kacheka. Sasa anaaga. Asanteni sana, asanteni. Kiti kinaburuzwa.

Kitambaa nimekitoa mfukoni. Nimekitandaza gotini, waridi juu, akione kabla hajanikumbatia. Kitasa kina—