Rangi ya Kijani Juu ya Beringi

Alhamisi, 27 Novemba 2025
Mkanda wa biskuti umelia tena leo. Ni beringi ya mwisho, karibu na tanuri — inasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Kila mtu anaisikia! Shefu Ntare, mkuu wa mafundi, amesema tutaibadilisha Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, asubuhi, watu wakizibua mifereji mitaani na mashine zikiwa zimelala. Siku nyingine wakubwa hawakubali kuzima. Beringi mpya nimeitoa stoo mwenyewe. Nzito, inang'aa. Nimefurahi kijinga. Tangu nianze mafunzo ya ufundi hapa kiwandani Masoro nimefagia tu na kushika tochi.

Jumamosi, 29 Novemba
Hatukubadilisha kitu. Meneja, Bwana Kamanzi, alikuja na ndoo za rangi ya kijani. Jumatatu kuna wageni, wanunuzi wakubwa. Kwanza sura, akasema! Shefu Ntare akairudisha beringi mpya stoo. Nikapewa brashi.
Nilipofika kwenye vitundu vya kutilia grisi niliuliza, kwa sauti yangu ya panya, kama nivibandike plasta kwanza, rangi isivizibe. Ntare: "Paka, mwana. Mgeni haangalii grisi." Wengine wakacheka — Kinyarwanda changu cha Karagwe, ng'ambo ya mpaka, huwachekesha siku zote. Nikapaka. Vitundu vyote.

Jumatatu, 1 Desemba
Wageni wamepiga picha. Mmoja kasema kiwanda hiki kinatunzwa. Kinatunzwa!
Mama Shami, anayeendesha mkanda, alininong'oneza: "Mmempodoa bibi harusi, jino bovu mmemwachia." Kisha akanipa nusu ya andazi lake. Ni yeye tu hapa asiyenicheka.

Jumanne, 2 Desemba
Imekwama. Moshi, halafu harufu ya biskuti zinazoungua ndani ya tanuri. Ntare alikimbia na bomba la grisi, grisi haikuingia — rangi imekauka kwenye vitundu. Akakwangua kwa bisibisi, akitukana chini chini. Beringi imetoka nyeusi, kavu.
Kamanzi hakuitazama. Alimtazama Mama Shami. Kwa nini hukuzima mapema?
"Bosi, nilisema inalia. Nikaambiwa niendelee, oda ni nyingi."
Nani alikuambia?
Ntare alikuwa anafuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mama Shami ni kibarua, wakimtoa, ametoka. Kikao ni kesho.

Jumatano, 3 Desemba
Ntare alinisubiri getini asubuhi. Mpole ajabu. Januari kuna nafasi ya fundi msaidizi, amesema, na mimi najua kunyamaza — hiyo ndiyo nidhamu ya kazi. Nikasema asante. Asante! Mdomo wangu mwenyewe.
Sasa kikao kimesimama kwa chai, naandika juu ya magoti. Kikaoni wamesema mambo ya uzembe, ya hasara, ya kumpata mtu makini wa kuendesha mkanda. Rangi hakuna aliyeitaja. Kamanzi akauliza mwenye neno. Ntare alinitazama, kisha akatazama dirisha. Mama Shami hakunitazama kabisa. Hilo ndilo linaloniuma. Angenikazia macho ningejua la kufanya.
Wanarudi ndani. Mama Shami amekwisha kuvua aproni yake, ameikunja vizuri, kama kitu cha kumrudishia mwenyewe. Kucha zangu bado za kijani, mafuta ya taa hayakusaidia. Viti vya nyuma wamevijaza wote. Kimebaki kimoja tu, cha mbele, mkabala na Kamanzi. Nakwenda kukikalia, na akiuliza tena mwenye neno nitamwonyesha kucha hizi —