Ripoti ya Mkubwa Ilitangulia

Jumatano, Agosti 1997

Na kosa ni langu, hata nikiligeuza vipi.

Kompyuta ya ghala la baridi la samaki ina prosesa moja, ubongo wake, na kazi tatu zinaigombania: kupima baridi, kupiga king'ora, na kuchapisha ripoti. Mimi ndiye niliyezipanga daraja. Ripoti niliiweka juu, tena kwa kanuni kwamba ikishaishika prosesa haiiachi mpaka imalize. Mkubwa wetu husimama kando ya printa akiingoja, na mkubwa hawekwi nyuma. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Leo alfajiri karatasi ilikwama. Ripoti ikang'ang'ania prosesa, ikiingoja printa. Mtambo wa baridi ukazimika, na baridi haikupimwa. King'ora hakikulia.

Mzee Nassoro, mlinzi wa ghala hapo Liwatoni, ndiye aliyefungua mlango, akaja kuniita. "Mwanangu, humo mna joto. Samaki washalegea."

Samaki wa wavuvi wakatupwa mbele ya macho yangu, na wavuvi wenyewe wakitazama. Nilingoja nione haya, au hofu. Sikuhisi kitu.

Nimebadilisha daraja: king'ora juu, ripoti chini kabisa. Dakika mbili tu. Mkubwa akauliza, "Sasa ripoti yangu itachelewa?" Nikasema itachelewa. La samaki hakuuliza. Huenda kesho akanifuta kazi, au asinifute.

Nyumbani mama alinipakulia wali, akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nangoja zamu yangu.

Mkekani nilikuwa peke yangu; hapakuwa na aliyenitangulia.