Aliyeshika Usukani

Zahanati, Delta ya Rufiji
Jumanne

Dada Conso,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za Utete, naomba nikuambie jambo ambalo sijamtamkia mtu. Siku boti ya zahanati ilipogonga mtumbwi wa Mzee Abdalah, aliyeshika usukani si Da Sihaba. Nilikuwa mimi.

Sasa nikusalimu vizuri. Huku sote tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepona, na wajawazito wawili wa wiki hii wamejifungua salama. Natumaini nawe hujambo na mafunzo ya wodini yanakwenda.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikimsaidia Da Sihaba, nahodha wetu, kubeba kasha la chanjo. Unamjua, hanyamazi. Aliniambia watu wa bara tunakaa botini kama magunia, basi afadhali gunia lijue limekaa wapi. Akanifundisha kwamba mbele ni omo na nyuma ni tezi, na kwamba kulia kwa chombo hakubadiliki hata ukigeuka kutazama nyuma. Kabla ya kuondoka kumba maji yaliyoingia botini, hesabu watu na majaketi ya kuelea. Kwenye kona ya mikoko punguza mwendo, piga filimbi. Vyombo viwili vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kielekee kulia kwake. Mkigongana, simama, okoa watu, kisha jitaje. Niliyaandika yote kwenye daftari la jiografia lililobakiwa na kurasa tupu. Aliponiuliza sikukosa hata moja, akacheka kwamba daftari limeshapata leseni, nimebaki mimi.

Jumatano iliyopita tulikuwa wawili tu na maji yalikuwa yanajaa. Nikamwomba usukani. Mimi huwa siombi kitu, labda ndiyo maana hakuweza kunikatalia. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Sikupiga filimbi, niliona haya kupuliza. Mtumbwi ukatokea mbele yetu, umejaa mpunga. Nikakumbuka kanuni: kulia. Nikaupeleka usukani kulia. Lakini usukani wetu ni mkono wa chuma unaotoka kwenye mashine, na unafanya kinyume: ukiupeleka kulia, omo inakwenda kushoto. Hilo nalo nilikuwa nimeliandika, tena nimelipigia mstari. Tuliupasua mtumbwi ubavuni.

Da Sihaba alizima mashine, akajitosa na nguo zake, akamtoa Mzee Abdalah. Bega la mzee limeteguka, na magunia manne yamezama. Alikuwa ameinama anasukuma mtumbwi kwa upondo, hakuona nani anaendesha. Tulipofika gatini Da Sihaba akawaambia watu kuwa ni yeye. Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo wanaume wa gatini wanamwita Mama Kona, wanamuuliza kama alidhani kashika mwiko wa ugali. Anawajibu kwamba mwiko wenyewe hawaujui, wao wanajua sahani tu. Lakini Ijumaa saa nne kamati ya zahanati inakaa kumwondoa kwenye boti, na barua ya kupendekeza hivyo imeandikwa na Mama, kama mkuu wa zahanati. Aliyeinakili kwa mwandiko mzuri ni mimi, Dada.

Jana nilimfuata kwake nikilia. Hakunigombeza. Alinishikisha mchi kama ndio usukani, akaniambia omo inatakiwa kulia, akanifanya nirudie mara ishirini mpaka mkono wangu ukaenda kushoto wenyewe. Kisha akasema nahodha ndiye anayejibu kwa chombo chote, na yeye ndiye aliyenipa usukani, kwa hiyo nifunge mdomo.

Usiku nimefungua daftari. Kanuni ya nahodha ipo. Ila na ile ya kugongana ipo. Tulisimama. Kuokoa aliokoa yeye. Kujitaja bado.

Ijumaa nitaingia kwenye kikao. Unajua wageni wakija mimi hujificha jikoni, ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, nisipate njia ya kurudi nyuma.

Wasalimie wenzako wote wa bwenini. Usinipigie, simu ni ya Mama. Nakuomba tu jambo hili likae kwako mpaka Ijumaa saa nne. Mama asilisikie kwako. Alisikie kwangu, Da Sihaba akiwa amekaa palepale.

Mdogo wako,
Emmy